Betri ya Lithiamu Inapogoma: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua kwa Betri za Kuchomoa

Betri inayozungumziwa hapa ni ile ya duara, ndefu kidogo na nene kuliko betri ndogo ya redio, ambayo huchomolewa kwenye kifaa na kuchajiwa pembeni, na ambayo ubavuni mwake mara nyingi huandikwa 18650. Tarakimu hizo ni vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65, na sifuri ya mwisho kuonyesha kwamba umbo lake ni la silinda. Kigoma utaikuta kwenye tochi za kichwani za wavuvi wa dagaa wa Katonga na Kibirizi, kwenye kurunzi za walinzi wa maduka ya Mwanga, kwenye redio ndogo za memori kadi, kwenye pawa banki, na kwa vijana wachache wa mjini, kwenye sigara za kielektroniki. Kifaa hubadilika lakini betri ni ile ile, kwa hiyo anayeelewa dalili zake kwenye tochi atazielewa pia kwenye vifaa vingine.

Jambo moja linafaa kukaa akilini tangu mwanzo, kwa kuwa kulipuuza ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya ajali. Betri inapokataa chaji, au chaja inapokataa betri, mara nyingi kukataa huko ni kinga inayofanya kazi yake. Anayetafuta njia ya kuizunguka kinga hiyo kabla ya kujua kwa nini imeingilia kati anajiweka karibu na moto kwa mikono yake mwenyewe.

Kupima kwanza

Mita ya kawaida ya fundi, hata ile ya bei ya chini kabisa, inatosha. Iweke kwenye volti za umeme wa moja kwa moja (DC), kipimo cha 20, kisha gusa kichwa cha betri kwa waya mwekundu na kitako chake kwa waya mweusi. Mkono usitetereke pale kichwani, kwa sababu mkebe mzima wa betri, ikiwa ni pamoja na ukingo unaoizunguka chuchu ya chanya, ni hasi. Ncha ya mita ikiteleza na kugusa vyote viwili kwa pamoja, umepiga shoti.

Betri ya kawaida ya lithiamu-ioni huandikwa volti 3.6 au 3.7, na huo ni wastani wake ikiwa kazini. Ikijaa husoma 4.2, ikiwa katikati husoma kati ya 3.6 na 3.8, na ikishuka hadi 3.0 imekwisha kwa matumizi yoyote ya busara. Watengenezaji wengi huruhusu ifike 2.5 ikiwa na mzigo, lakini ikiwa imepumzika, haijaunganishwa na kitu chochote, na bado inasoma chini ya hapo, basi imevuka mpaka.

Ipo jamii nyingine, ya lithiamu na fosfati ya chuma, ambayo hupatikana zaidi kwenye taa za sola. Hiyo huandikwa 3.2 na hujaa kwenye 3.65. Kwa umbo zinafanana kabisa na zile za kwanza, zinaingia kwenye chaja ile ile bila taabu, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa chaja ya 4.2 itaijaza kupita uwezo wake. Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kuchaji. Betri isiyo na maandishi yoyote haistahili kuchajiwa mpaka ijulikane ni ya jamii gani.

Chaja inabaki kijani, au haionyeshi chochote

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na lina sababu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Katika chaja nyingi za bei nafuu taa ya kijani ina maana mbili: betri imejaa, au chaja haioni betri yoyote. Mwenye tochi huiona kijani, hufurahi kwamba imejaa, hubeba tochi yake jioni, na taa humzimikia kabla mtumbwi haujafika pa kutega.

Anza na mambo mepesi. Huenda betri imewekwa kinyume. Huenda chuchu haifiki kwenye kibati cha chaja, kwa kuwa zipo betri zenye kichwa bapa na zipo zenye chuchu iliyochomoza, na baadhi ya chaja na tochi huzipokea zenye chuchu tu. Huenda kuna uchafu. Maji ya Tanganyika ni baridi, hayana chumvi ya bahari ya kula vyuma, lakini utando wa mafuta ya dagaa ukichanganyika na jasho la mkono na vumbi hujenga tabaka la kahawia kwenye springi na kwenye kitako cha betri, tabaka ambalo umeme hupita kwa shida. Futa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, acha ikauke, kisha jaribu tena. Msasa usitumike, kwa sababu huondoa nikeli inayozuia kutu, na baada ya mwezi mmoja tatizo litarudi likiwa kubwa zaidi. Ukiwa na betri nyingine unayoiamini, iweke kwenye chaja hiyo hiyo. Ikikataa nayo, tatizo liko kwenye chaja au kwenye umeme unaoilisha.

Ikiwa hayo yote ni sawa, mita ndiyo itakayosema. Betri ikisoma sifuri kabisa, tazama kama ni ya aina yenye saketi ya kinga. Aina hiyo huwa ndefu kidogo, karibu milimita 68 hadi 70, na ukipapasa ubavuni utahisi ukanda mwembamba wa bati chini ya ganda la plastiki, unaotoka kichwani hadi kwenye kijisahani cha saketi kitakoni. Saketi hiyo hukata njia ya umeme betri inaposhuka mno au inapopigwa shoti, na mita husoma sifuri ingawa ndani bado kuna chaji. Chaja nzuri huiamsha yenyewe kwa kupeleka umeme kidogo. Ikiamka, ichomoe baada ya dakika chache na uipime tena: ikisoma 2.5 au zaidi, iendelee kuchajiwa ukiwa karibu nayo. Ikisoma chini ya hapo, muda wake umekwisha.

Betri isiyo na saketi ya kinga ikisoma kati ya 2.5 na 3.0 inaweza kuchajiwa, lakini kwa umeme mdogo na ukiwepo. Saketi ndogo ya kuchaji inayoitwa TP4056, ambayo imejaa kwenye vifaa vya bei nafuu, imepangwa kufanya hivyo hivyo: ikikuta betri iko chini ya takriban volti 2.9, huilisha kwa sehemu ya kumi tu ya umeme wake wa kawaida mpaka ipande. Betri iliyo chini ya 2.5 mimi sishauri ichajiwe, na iliyo chini ya 2.0 isichajiwe na mtu yeyote.

Sababu yake inafaa kuelezwa, kwa kuwa anayeijua hatahitaji kukatazwa mara mbili. Upande hasi wa betri umejengwa juu ya karatasi nyembamba sana ya shaba. Volti ikishuka kupita kiasi, shaba hiyo huanza kuyeyuka na kuingia kwenye kimiminika cha ndani. Ukiichaji tena, shaba hurudi kuganda, lakini si lazima igande mahali ilipotoka. Huweza kuota kama vijinyuzi vinavyotoboa utando unaotenganisha chanya na hasi. Betri ya namna hiyo huweza kupokea chaji, ikasoma 4.2, ikawasha tochi vizuri kwa siku kadhaa, kisha ikapiga shoti ndani kwa ndani bila kuguswa na mtu.

Ndiyo maana desturi ya mtaani ya kushtua betri, yaani kuiunganisha kwa nyaya mbili na betri iliyojaa, au na betri ya pikipiki, au na waya wa chaja ya simu uliokatwa, ni desturi mbaya hata kama hufanikiwa. Kufanikiwa kwake ndiko kunakoieneza. Mvuvi mmoja wa Kibirizi aliweka betri yake mezani kwangu, ikasoma 1.4, nikamwambia haifai tena. Akasema, "Fundi, wewe ishtue tu, itashika chaji." Nikamjibu, "Kaka, ikishika chaji leo, kesho usiku iko kisogoni kwako." Tochi yake ilikuwa ya aina ile ambayo kiboksi cha betri hukaa nyuma ya kichwa, kimebanwa kwa mkanda.

Betri inapata moto

Uvuguvugu wakati wa kuchaji ni wa kawaida. Betri usiyoweza kuishika kiganjani kwa utulivu si ya kawaida, na inapaswa kuchomolewa mara moja, iwekwe juu ya sakafu ya saruji au sinia la bati, mbali na vitu vinavyoshika moto, na iachwe ipoe ikiwa inatazamwa.

Mpaka wa joto la kuchajia kwa betri nyingi za aina hii ni kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi. Sifuri haituhusu sana hapa. Arobaini na tano inatuhusu, kwa sababu hewa ya mchana ikiwa nyuzi 30 kivulini, bati la paa au mchanga wa ufukweni uliopigwa na jua tangu asubuhi huwa moto kupita hapo kwa mbali. Paneli ya sola inapenda jua, lakini betri na chaja zinapaswa kuwa kivulini, mbali kadiri waya unavyoruhusu. Vilevile betri iliyotoka kufanya kazi usiku kucha iachwe ipoe kwanza kabla ya kuchajiwa.

Kwa kuwa sola imetajwa, kuna kosa ambalo hujirudia kwenye kambi za wavuvi. Paneli inayouzwa kama ya volti 12 hutoa takriban volti 18 inapofanya kazi vizuri, na hupanda hadi 21 au 22 ikiwa haina mzigo. Kuiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 3.7, hata kwa dakika chache, ni kuitia betri nguvu isiyo na breki. Kati ya paneli na chaja lazima kuwe na kidhibiti kinachotoa volti 5 thabiti za waya wa USB, na chaja yenyewe lazima iwe ya kukata kwenye 4.2.

Chanzo kingine ni umeme mwingi kuliko ukubwa wa betri. Kwa betri ya 18650 yenye uwezo wa kati ya mAh 2000 na 3000 (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayohifadhika), ampea 0.5 hadi 1 ni kiwango cha kistaarabu. Chaja zinazojivunia ampea 2 kwa kila betri hazifai kwa betri ndogo wala kwa betri zilizozeeka. Kuzeeka kwenyewe huleta joto, kwa sababu ukinzani wa ndani, yaani kile kinachozuia umeme usipite kirahisi, hupanda mwaka hadi mwaka, na sehemu ya umeme uliopaswa kuhifadhiwa huishia kuwa joto. Betri iliyokuwa ikichaji kwa utulivu miaka miwili iliyopita na sasa inachemka kwenye chaja ile ile inakuambia umri wake.

Ikiwa inapata moto kwenye tochi na si kwenye chaja, gusa springi na kifuniko. Kiungo kilicholegea au chenye kutu huchemka kuliko betri yenyewe, na hicho kinatengenezeka. Ikiwa inapata moto mfukoni, usiulize mengi: imegusana na chuma. Funguo, sarafu, ndoano, kipande cha waya, chochote kinachoweza kuunganisha kichwa na ukingo wa mkebe kinatosha kuunguza paja. Betri ya ziada ibebwe kwenye kiboksi cha plastiki chenye vyumba, ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya betri yenyewe, na ikikosekana, ifunikwe vichwa vyote viwili kwa utepe wa umeme.

Taa nyekundu haibadiliki usiku kucha

Fanya hesabu kabla ya kulaumu. Betri ya mAh 2600 kwenye chaja ya mA 500 (nusu ampea) huhitaji saa tano na kitu, na robo ya mwisho huenda polepole kuliko mwanzo, kwa kuwa chaja sahihi ikishafika 4.2 hushikilia hapo na kupunguza umeme taratibu. Saa sita au saba si ajabu. Kumi na mbili ni ajabu.

Ikipita muda huo, chomoa na upime. Ikisoma 4.0 au 4.1 na haipandi, betri inavuja ndani kwa ndani: inachopewa ndicho inachopoteza, na haifai tena. Ikisoma zaidi ya 4.25, betri huenda bado ni nzima lakini chaja haina breki, na chaja hiyo itolewe nyumbani siku hiyo hiyo. Tochi nyingi za bei ya chini zenye tundu la kuchajia ubavuni ni za aina hii, kwani ukizifungua hukuti saketi yoyote ya kukata chaji, ila kipande cha ukinzani na dayodi. Tochi ya namna hiyo inaweza kuendelea kutumika kama tochi, na betri ichomolewe ichajiwe kwenye chaja ya nje yenye akili.

Usiku kucha ni wakati mbaya wa kuchaji, hata kwa chaja nzuri. Wavuvi kwa bahati hulala mchana na kuchaji mchana. Waliobaki wajiwekee utaratibu wa kuchaji wakiwa macho, juu ya kitu kisichoungua, mbali na godoro, pazia, paa la nyasi na dumu la petroli la injini ya mtumbwi.

Inajaa upesi na kuisha upesi

Kama ni betri ya zamani, imechoka tu, na hakuna dawa. Kama ni mpya, soma namba ya ubavuni. Betri ya 18650 inayodai mAh 9900, au 6800, inadai kisichokuwepo, kwa kuwa watengenezaji wakubwa duniani kwa miaka mingi wamekuwa wakiishia karibu na mAh 3500 katika umbo hilo. Mwenye duka wala si lazima awe mwongo. Naye kauziwa hivyo hivyo.

Njia rahisi ya kuthibitisha haihitaji kifaa cha ziada. Ikiwa chaja hutoa mA 1000 na betri iliyokwisha kabisa inajaa ndani ya saa moja, basi haiwezi kuwa imepokea zaidi ya mAh 1000, haidhuru imeandikwa nini. Mizani ndogo ya sonara nayo husaidia: betri halisi ya ukubwa huu huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, na iliyo na gramu 30 ina nafasi tupu ndani au ina kibetri kidogo kilichovishwa koti kubwa.

Nyingine hutolewa kwenye betri za laptopu za zamani, huvishwa ganda jipya na kuuzwa kama mpya. Hizi si lazima ziwe mbaya zote, lakini hakuna anayejua zimepitia nini, na alama za risasi ya kulehemu au mikwaruzo ya kung'olewa kwenye kitako, chini ya ganda linalong'aa, huwa ndiyo dalili pekee.

Kifaa chenye betri mbili

Tochi kubwa za kichwani na baadhi ya sigara za kielektroniki hutumia betri mbili. Dalili ya tatizo ni kwamba moja ina joto na nyingine imepoa, au ukizipima baada ya kazi, moja inasoma 3.8 na mwenzake 2.7.

Zikiwa zimepangwa kwa kufuatana, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine, dhaifu huisha mapema, na yenye nguvu huendelea kusukuma umeme kupitia mwenzake, hata kufikia kuichaji kinyume. Uharibifu huo hautengenezeki. Zikiwa zimepangwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hatari iko kwenye dakika ya kuziingiza: ukiweka iliyojaa 4.2 pamoja na iliyoisha 3.2, tofauti ya volti moja hupita kwenye ukinzani wa ndani ambao kwa zote mbili unaweza kuwa omu (kipimo cha ukinzani) 0.1 tu, maana yake ampea 10 zinakimbia kutoka betri moja kwenda nyingine kabla hata hujawasha swichi.

Kwa hiyo zinunuliwe pamoja, za aina moja na uwezo mmoja, ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito alama inayofanana, zitumike pamoja, zichajiwe pamoja na zistaafu pamoja. Kabla ya kuziingiza, tofauti yao isizidi volti 0.05. Kuazimana betri moja moja mtumbwini, jambo linaloonekana kuwa la ujirani mwema, ndiko kunakovunja jozi nyingi.

Sigara ya kielektroniki inapochemka au kukata

Kifaa hiki huidai betri kuliko tochi yoyote. Tochi ya kichwani huvuta ampea 1 au 2. Koili ya sigara hizi, yaani waya uliosokotwa unaopashwa moto na betri, huweza kuvuta 20. Kwa kifaa kisicho na saketi ya kudhibiti, hesabu ni kugawanya volti kwa ukinzani: betri iliyojaa 4.2 kwenye koili ya omu 0.5 hutoa ampea 8.4, na kwenye koili ya omu 0.2 hutoa ampea 21. Kwa kifaa chenye saketi, gawanya wati ulizopanga kwa volti ya betri inapokaribia kuisha: wati 60 kwa volti 3.2 ni karibu ampea 19, na zaidi kidogo kwa kuwa saketi nayo hula sehemu yake.

Sasa linganisha na betri. Samsung 25R ina mAh 2500 na huruhusiwa ampea 20 mfululizo. Samsung 35E ina mAh 3500 lakini huruhusiwa ampea 8 tu. Mwenye kuchagua kwa kufuata mAh peke yake atachukua ya pili, ambayo ni nzuri sana kwenye tochi, na kuiweka mahali inapodaiwa zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Kifaa kikikata ghafla au mwili wake ukichemka, mara nyingi chanzo ni hicho, na dawa ni kushusha wati au kubadili koili kabla ya kufikiria betri nyingine.

Watengenezaji wa betri hizi wenyewe hawazikusudii zishikwe moja moja na mtumiaji wa mwisho, na Januari 2021 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitoa onyo la wazi dhidi ya kununua na kutumia betri za 18650 zisizo na kinga kwa namna hiyo. Mei 2018 huko Florida mtu mmoja aliuawa na kifaa cha aina hii kilicholipuka. Kwa maoni yangu, kifaa kisicho na saketi yoyote ya kudhibiti, ambacho ni bomba la chuma lenye swichi tu, hakina nafasi mikononi mwa mtu asiye na mita na asiyejua hesabu iliyotangulia.

Ganda limechanika, betri imevimba, au kuna harufu

Chukua betri karibu na mwanga, uizungushe polepole, na utazame hasa pale ganda la plastiki linapojikunja juu ya ukingo wa kichwa. Chini ya mkunjo huo kuna pete ya karatasi, nyeupe au ya rangi. Mpasuko mdogo kama punje ya mchele mahali hapo ni mbaya kuliko mchubuko mrefu ubavuni, kwa sababu hapo ndipo chanya na hasi zimetenganishwa kwa upana usiofika milimita chache, na kibati cha tochi kilichopinda kidogo kinaweza kuzigusa zote mbili. Ganda na pete hubadilishwa kirahisi na fundi mwenye ganda la kusinyaa kwa joto, ikiwa mkebe wenyewe haujabonyea.

Mkebe uliobonyea, kichwa kilichopanda, unyevunyevu wenye harufu tamu ya dawa kama ya kuondolea rangi ya kucha, au betri iliyolowa ndani ya maji, haina matengenezo.

Kipindi cha mbalamwezi na kipindi cha ziwa kufungwa

Uvuvi wa dagaa kwa taa hupumzika mwezi unapong'aa, na betri hukaa siku kadhaa bila kazi. Muda huo mfupi hauna neno. Mapumziko marefu, kama ile miezi mitatu ya kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, yanataka maandalizi. Betri iliyoachwa imejaa 4.2 mahali penye joto huzeeka haraka, na iliyoachwa imeisha huendelea kushuka yenyewe mpaka ivuke mpaka ulioelezwa hapo juu. Iache kati ya 3.6 na 3.8, ichomolewe kwenye tochi, kwa kuwa swichi nyingi za elektroniki hunyonya chaji kidogo kidogo hata zikiwa zimezimwa, na ikae ndani ya nyumba mahali pakavu.

Ikishika moto, na isipofaa tena

Dalili za mwisho ni mlio wa kufuka, moshi mweupe au wa kijivu, na joto linalopanda lenyewe hata baada ya kuchomolewa. Usiinue kwa mkono na usivute moshi wake, kwa maana una gesi zenye sumu. Toa watu, fungua madirisha, na mwaga maji mengi. Wengi huogopa maji kwa sababu ya jina la lithiamu, lakini betri za kuchaji za aina hii hazijajengwa kwa lithiamu tupu ya metali, na maji ndiyo yanayozipoza. Mchanga huzuia moto usisambae lakini haupozi, na betri huweza kuwaka tena chini yake. Ikitokea mtumbwini, vua mkanda wa tochi kwanza, kisha isukume nje kwa kasia. Ziwa litachafuka, lakini mtu na dumu la petroli viko hatua mbili kutoka hapo.

Betri iliyokwisha isitupwe jalalani panapochomwa taka, wala chooni, wala ziwani. Funika vichwa vyote viwili kwa utepe wa umeme, iweke na nyingine za aina hiyo kwenye kopo lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba ya kulala, mahali pasipofikiwa na watoto wala mvua. Kopo likijaa, muulize afisa mazingira wa halmashauri mahali zinapopokelewa, na usimuuzie mnunuzi wa chuma chakavu ambaye atazipondaponda kwa nyundo kutafuta shaba.